Farasi Mmoja, Wenyewe Kumi

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba niwaeleze wanafunzi, pamoja na wenzangu tuliosoma hapa zamani, jambo ambalo kila nikilitaja hapa Nchelenge watu hucheka kwanza ndipo waulize: ya kuwa nilipokuwa nikifanya kazi Nairobi nilikuwa na farasi wa mashindano. Maneno hayo "nilikuwa na" yataka kusahihishwa upesi, nisije nikadhaniwa tajiri. Farasi yule alikuwa wetu watu kumi, na fungu langu lilikuwa moja katika kumi. Mwenzetu mmoja alizoea kusema kwamba lake yeye ni mkia na kwato moja ya nyuma, na langu mimi ni mdomo, maana ndio unaokula fedha.

Ushirika wa namna hii si mgeni kwetu. Nenda Kashikishi asubuhi, vyombo vinaporudi na chisense, uulize mtumbwi huu ni wa nani. Utaambiwa mbao ni za huyu, mashine ni ya shemeji yake, nyavu na taa ni za mama fulani mwenye duka, na wavuvi nao wana fungu lao katika samaki. Wakiuza, kila mmoja ajua chake. Basi ukimwambia mtu wa ziwani kwamba watu kumi wana farasi mmoja, hilo halimshangazi. Atakalouliza ni hili: huyo farasi huleta nini? Na hapo ndipo mfano wa mtumbwi unapoanza kuvuja.

Kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ziwani ili samaki wazae. Miezi hiyo mitatu mtumbwi hulala kifudifudi mchangani, wala hauli kitu. Farasi akikimbia hula, asipokimbia hula, akiugua hula na daktari wake hula pamoja naye. Kila mwezi sisi kumi tulichanga: nyasi kavu na nafaka, ujira wa mkufunzi, mshahara wa saisi (ndiye mtunza farasi), mhunzi wa kubadili viatu vya chuma kila baada ya majuma machache, chanjo, na gari la kumpeleka uwanjani. Fedha za zawadi zilipopatikana, mkufunzi na mpanda farasi walikatiwa fungu lao kwanza, kama ilivyo desturi ya nchi nyingi. Kilichobaki tukikigawa kwa kumi, kilitosha chakula cha mchana. Mtu akikushawishi uingie katika ushirika wa farasi kwa kukuambia kwamba utapata faida, mwambie akuonyeshe daftari la mwaka uliopita.

Labda mwanafunzi atauliza mbona sisi hapa ziwani hatuna farasi hata mmoja wa kumtazama. Sababu si umaskini wala uvivu wa wazee wetu. Ni wadudu wawili.

Wa kwanza ni mbung'o. Akimwuma mnyama humtia vijidudu katika damu, naye hukonda, hulegea, hufa. Ugonjwa huo huitwa nagana, na daktari David Bruce ndiye aliyeonyesha, katika miaka ya 1890 huko nchi ya Wazulu, ya kuwa vijidudu vimo damuni na mbung'o ndiye mchukuzi. Nyika za upande wa Mweru Wantipa zimejulikana kwa mbung'o tangu zamani. Jamaa za vijidudu hivyo huwapata wanadamu pia, na ugonjwa wao ni malale. Katika miaka ya kati ya 1906 na 1922 malale yaliisumbua sana nchi hii ya Luapula na Mweru, hata serikali ya Kampuni ya British South Africa ikawahamisha watu kutoka kando ya mto na ziwa, wakaacha vijiji vyao na mitego yao. Ikiwa wenyeji hawakuachwa kukaa, farasi angekaa wapi? Livingstone naye alijaribu. Mwaka 1866 aliingia bara kwa njia ya mto Ruvuma akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa, baghala na punda, akitaka kuona kama watastahimili mbung'o. Wengi walikufa, na mpaka leo watu hubishana kama waliuawa na mbung'o au na fimbo za waliowaswaga. Alipoliona ziwa letu, Novemba 1867, alikuja kwa miguu yake.

Mdudu wa pili ni usubi, mdogo kuliko mbu, ambaye huruka tangu jua linapotua mpaka alfajiri. Huyu huchukua ugonjwa wenyewe wa farasi. Pundamilia huupata bila kuumwa sana. Lakini farasi wasiochanjwa wakishikwa na ile namna yake ya mapafu, katika mia huenda 90 na zaidi wakafa, povu likiwatoka puani. Nairobi nako ugonjwa huo upo. Lakini mji ule uko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na Mweru ni kama mita 920 tu. Baridi ya usiku hupunguza usubi, farasi huchanjwa, na kabla jua halijatua huingizwa bandani. Ndiyo maana mchezo huu ulishika mizizi katika nyanda za juu za Kenya, wala haukushika hapa.

Mbio za farasi zilianza Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20, mji wenyewe ukiwa bado mabati na matope. Uwanja wa sasa, ulio kando ya barabara ya Ngong, ulifunguliwa mwaka 1954, nao husimamiwa na Jockey Club of Kenya. Siku za ukoloni wenye farasi walikuwa walowezi, na Waafrika walikuwa masaisi. Katika walowezi hao maarufu kuliko wote ni mwanamke, Beryl Markham. Dunia inamkumbuka kwa kuvuka bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka 1936, kutoka Uingereza kwenda Amerika ya Kaskazini; lakini kazi ya maisha yake ilikuwa kufunza farasi, na farasi aliowafunza walishinda Derby ya Kenya mara 6. Alifariki Nairobi mwaka 1986, akiwa anakaa katika nyumba ndogo mumo humo katika ardhi ya uwanja wa mbio. Siku hizi ukienda Ngong utawakuta wenye farasi ni watu wa kila namna, na mara nyingi watu wasio matajiri huungana kama tulivyoungana sisi. Katika kumi letu mlikuwa na makarani, mwalimu, muuguzi, fundi wa magari, mfanya biashara mmoja aliyekaa Tanga, na mimi Mzambia niliyekuwa nikiandika hati za mizigo.

Mkataba wetu ulikuwa na kurasa mbili. Kuuza, kununua na kuchanga zaidi yalikuwa mambo ya kupigiwa kura, kila fungu kura moja. Anayetaka kutoka sharti awape wenzake nafasi ya kununua fungu lake kabla ya kwenda nje. Na kifungu cha mwisho kilisema kwamba katika jambo la afya ya farasi neno la mkufunzi ndilo la mwisho. Tulipotia sahihi hakuna aliyekitazama sana kifungu hicho. Nitaeleza sasa siku ambayo kila mtu alikisoma mara mbili.

Ilikuwa Jumapili, ndiyo siku ya mbio pale Nairobi. Farasi wetu alikuwa jike wa miaka minne, mwekundu, na alikuwa ameandikwa katika mbio ya nne ya mita 1,600. Tulikubaliana kukutana bandani alfajiri, kisha twende wote uwanjani. Yule mwenzetu wa Tanga alikuwa amesafiri kwa basi kutwa nzima, na watoto wake watatu, kwa sababu alikuwa amewaahidi kwamba watamwona farasi wao akikimbia.

Usidhani banda la farasi wa mbio ni kama zizi la ng'ombe. Kila farasi ana chumba chake, kimetandikwa maranda ya mbao au majani makavu, na mlango wake umekatwa katikati ili nusu ya juu ifunguliwe atoe kichwa. Kazi huanza kukiwa bado giza. Saisi hulisha kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, maana tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake, na tena farasi hawezi kutapika. Kilichoingia vibaya hakina njia ya kurudi, na msokoto wa tumbo ambao kwako ni jambo la kulala nusu siku, kwake waweza kuwa kifo. Hali kadhalika hapumui kwa mdomo, ila kwa pua tu. Akienda mbio sana huvuta pumzi moja kwa kila hatua: miguu na mapafu huenda pamoja kama wapiga makasia na mwimbishaji wao. Moyo wake, ambao akiwa ametulia hupiga mara 30 au 40 kwa dakika, hufika zaidi ya mara 200. Na wengu wake ni ghala ya damu: anapoanza kukimbia hujikamua na kumwaga chembe nyekundu za akiba katika mishipa. Mnyama mwenye uzito wa kilo 450 hadi 500, akienda kama kilomita 60 kwa saa, na juu yake mtu wa kilo 50 na kitu aliyesimama juu ya vikuku kama ndege juu ya waya! Kwa wanafunzi wa elimu ya viumbe hiyo ni somo tosha, nami nasikitika kwamba nililijua nikiwa mtu mzima.

Farasi hao si wa namna yoyote tu. Wote wa aina hii, popote walipo duniani, ukifuata baba, babu na baba wa babu, hurudi kwa madume watatu tu waliopelekwa Uingereza kutoka nchi za mashariki katika karne ya 17 na ya 18. Mmoja wao, anayeitwa Darley Arabian, alinunuliwa Aleppo nchini Syria akafika Uingereza mwaka 1704. Hivyo jike letu, aliyezaliwa katika shamba la Bonde la Ufa, alikuwa na ukoo ulioandikwa kwa vizazi vingi kuliko wowote katika sisi kumi.

Sasa miguu. Hapa naomba msomaji atulie, maana ndipo penye jambo lenyewe. Chini ya goti farasi hana misuli hata kidogo. Pana mfupa, ngozi, na kano ndefu zishukazo nyuma ya mfupa kama kamba za nyavu. Anapokimbia kasi huja nukta ambapo mwili wote umesimama juu ya mguu mmoja tu, na mguu huo hubeba mzigo wa karibu mara mbili na nusu ya uzito wake. Mzigo huo wapokewa na kano, ambazo hunyooka na kurudi, hunyooka na kurudi. Nyuzi chache zikikatika ndani ya kano huvimba kidogo na kupata joto. Na kwa kuwa kano ina damu kidogo, haiponi kama nyama. Yataka miezi mingi, pengine mwaka. Akikimbizwa kano ikiwa hivyo, yaweza kukatika kabisa, na farasi wengi walioangushwa na jambo hilo hawakuinuka tena.

Saisi wetu alikuwa mzee wa Machakos, mwenye maneno machache, aliyeanza kazi hiyo akiwa mvulana. Kila asubuhi kabla ya kulisha alikuwa akichuchumaa na kupitisha mkono chini ya kila mguu, macho ameyafumba, kama mama anayepima maziwa ya mtoto. Asubuhi ile alipotuona alinyosha mkono akaniita mimi niliyekuwa karibu.

"Mzee, weka mkono hapa," akasema. Nikaweka juu ya mguu wa mbele wa kushoto. "Haya, sasa weka huku." Nikaweka juu ya wa kulia.

Sikuona tofauti. Akaniambia nitumie mgongo wa mkono badala ya kiganja, na nisiwe na haraka. Ndipo nikaona: mguu wa kushoto ulikuwa na uvuguvugu, kama ukuta uliopigwa na jua jioni. Muuguzi wetu naye akashika, akanyamaza, akashika tena, akasema, "Baba amesema kweli."

Jike lenyewe lilikuwa linatafuna bila wasiwasi. Likatembezwa, halikuchechemea. Likakimbizwa polepole, halikuchechemea. Hapo wenzangu wakaanza kugawanyika. Mmoja alisema mzee anaogopa kivuli. Farasi anayetembea vile si mgonjwa. Mwingine alisema tumelipa ada ya kuandikisha, gari limekuja, na mbio hii ni nyepesi kuliko zote tulizowahi kupewa, basi akimbie leo apumzike kesho, na kama ni maumivu dawa zipo. Mwenzetu wa Tanga hakusema kitu. Alikuwa amemshika mkono mtoto wake mdogo.

Juu ya dawa ya maumivu nieleze kidogo, kwa sababu wanariadha wa shule huniuliza pia. Kanuni za mbio katika nchi nyingi hukataza dawa hizo kuwamo mwilini siku ya mashindano, na farasi huchukuliwa damu au mkojo kupimwa. Watu hudhani ni kwa ajili ya kuzuia udanganyifu tu. Ni hivyo, lakini kuna zaidi. Maumivu ni mlinzi wa mguu. Farasi anayesikia maumivu hupunguza mwendo mwenyewe. Ukimwondolea maumivu umemfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi, na juu yake umempandisha mtu.

Mkufunzi alikuja, akashika, akaita daktari wa mifugo, naye akashika na kubonyeza mpaka jike likavuta mguu. Hakukuwa na kura. Jina likaondolewa katika mbio ya nne. Mmoja wetu akatoa mkataba mfukoni, akasoma kifungu cha mwisho, akaurudisha mfukoni, akaenda kusimama peke yake kwenye uzio. Sitamlaumu. Alikuwa amechanga miezi 14 kwa ajili ya siku hiyo.

Tulikwenda uwanjani hata hivyo, kwa kuwa tulikuwa na vyeti vya kuingilia na watoto wa Tanga hawakuwahi kuona mbio. Nami nadhani mtu ambaye farasi wake hakimbii huona mengi kuliko yule ambaye moyo umemkaa kooni.

Kwanza ni uwanja mdogo wa duara, ambapo farasi hutembezwa na masaisi wao ili watu wawatazame. Wapanda farasi huja wamevaa rangi za wenyewe, kila mwenye farasi rangi zake zilizosajiliwa, ili aonekane kwa mbali. Kabla ya hapo mpanda farasi amekwisha pimwa kwa mizani pamoja na tandiko lake. Katika mbio nyingi mgawa uzito hutazama mashindano yaliyopita, akampa farasi hodari mzigo mkubwa na dhaifu mzigo mdogo, kusudi wote wawe na nafasi. Mpanda farasi akiwa mwepesi mno, vipande vya risasi hutiwa katika mifuko ya kitambaa cha chini ya tandiko. Baada ya mbio hupimwa tena, na kama uzito umepungua, ushindi huenda na maji. Wavulana wetu wanaokimbia mita 1,500 wangefaa kujaribu mtindo huo siku moja: mshindi wa mwaka jana abebe kitabu cha hesabu mgongoni, tuone.

Kisha farasi huingizwa katika vibanda vya kuanzia, milango yote hufunguka kwa mara moja, nao hutoka. Ukiwa mbali husikii kitu. Wakikaribia waisikia ardhi kwanza, chini ya nyayo zako, kisha masikio, na wanapopita waisikia pumzi yao, hua, hua, hua, pamoja na hatua, kama nilivyoeleza. Mita 1,600 humalizika katika muda usiozidi sana dakika moja na nusu. Watoto wa Tanga waliuliza, "Imekwisha?"

Watu walikuwa wakipiga kamari, na lazima niliseme hilo, kwa sababu bila hilo viwanja vingi duniani vingefungwa. Katika namna moja ya mchezo huo fedha zote za wachezaji hutiwa chungu kimoja. Wenye uwanja na serikali hukata fungu lao, na kinachobaki hugawiwa waliomchagua mshindi. Tuseme, kwa mfano tu, watu wametia kwacha 1,000 na zikakatwa 200. Hata mmoja akishinda sana, wachezaji wote kwa jumla wameingia na 1,000 wakatoka na 800. Wacheze mara tano, mara kumi, hesabu ni ile ile. Ni hesabu ya darasa la saba.

Mbio ya nne ilikimbiwa bila sisi. Aliyeshinda alikuwa farasi ambaye jike letu lilikuwa limemshinda miezi miwili nyuma. "Ile ilikuwa yetu," wakasema watatu kwa pamoja. Huenda. Huenda pia tungelirudi nyumbani na gari tupu. Hakuna ajuaye, na ubishi huo uliendelea mpaka nikaondoka Kenya.

Jioni tulirudi bandani. Mzee alikuwa amemfunga jike kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, akakaa juu ya ndoo mlangoni. Watoto wakaruhusiwa kumpa karoti kwenye kiganja kilichonyoshwa, vidole vimefungwa pamoja, kama inavyofundishwa. Yule mdogo akauliza kwa nini farasi halali chini, ameshachoka. Mzee akamweleza kwamba farasi aweza kufunga viungo vya miguu yake akasinzia amesimama, ila kwa usingizi mzito kabisa lazima alale chini kidogo. "Akilala chini mbele yako," akasema, "ujue amekuamini."

Katika mkutano uliofuata wenzetu wawili waliuza mafungu yao. Kulea farasi asiyekimbia kwa mwaka mzima si jambo la kila mfuko. Katika mkutano huo huo nilileta shauri nililolichukua hapa kwetu. Niliwaambia kwamba Kashikishi wavuvi wana fungu katika samaki. Mtumbwi ukipata, nao hupata. Lakini katika ushirika wetu mtu pekee aliyeujua mguu ule kabla ya daktari hakuwa na fungu lolote, alikuwa na mshahara tu, na mshahara wa masaisi ni mdogo. Nikaomba moja katika kumi ya kila zawadi iwe yake, kabla ya kugawana sisi. Ubishi ulikuwa mkali kuliko ule wa mguu. Wengine walisema tukianza hivyo kila mtumishi atataka. Wengine walisema mkufunzi na mpanda farasi hupata fungu, basi kwa nini si yeye? Tulipiga kura: sita waliafiki, wanne walikataa. Mzee alipoambiwa alicheka, akauliza moja katika kumi ya farasi aliyesimama ni shilingi ngapi.

Jike lilipelekwa shambani, akapumzishwa miezi 11, akaanza tena kwa kutembezwa tu, dakika 20 kwa siku, kisha 30. Alikimbia mara nne baadaye. Alipata nafasi ya tatu mara moja, na zawadi yake ilifanya fungu la mzee litoshe kulipa karo ya muhula mmoja ya mjukuu wake. Hakushinda kamwe. Nilipokuwa narudi Zambia niliuza fungu langu kwa yule mwenzetu wa Tanga, kwa bei ndogo kuliko niliyonunulia, na jike likastaafishwa likawa la kuzaa. Mzee bado yuko kazini. Hunipelekea picha kwa simu, za mwana farasi sasa, wala si picha za kichwa kama wapigavyo watu wengine, ni miguu minne, mmoja mmoja, na chini yake ameandika, "Baridi yote."